Kutoka Ligi Kuu ya Wanawake hadi Klabu ya Nje: Mwongozo Kamili kwa Mchezaji Chipukizi na Wazazi Wake

Mwanzoni mwa 2022 Aisha Masaka aliondoka Yanga Princess na kujiunga na BK Häcken ya Sweden, akiwa na umri wa miaka 18. Katika msimu wa 2023/24 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya Ulaya, na mwaka 2024 akasajiliwa na Brighton & Hove Albion ya Uingereza. Mwaka huohuo wa 2022 beki Julietha Singano alitoka Simba Queens kwenda FC Juárez ya Mexico. Opah Clement, nahodha wa Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania, amepita Kayserispor na Beşiktaş za Uturuki, naye Clara Luvanga alipitia Dux Logroño ya Hispania kabla ya kutua Al Nassr ya Saudi Arabia.

Njia hiyo imekwisha kufunguliwa, na wasichana wengi wanaocheza Tanzania, Kenya na Uganda wanaitamani. Mara nyingi hawakosi kipaji. Wanakosa maelezo sahihi kuhusu yanayofanyika kati ya siku simu ya kwanza inapopigwa kutoka nje na siku mchezaji anapovaa jezi ya klabu mpya. Mwongozo huu ni wa mchezaji wa miaka 16 hadi 22, pamoja na wazazi au walezi watakaokaa naye mezani siku ya kusaini. Msimamo wangu niuseme mapema: mkataba wa kwanza wa nje upimwe kwa dakika ambazo mchezaji atacheza na kwa maandishi yanayomlinda. Jina la nchi na ukubwa wa mshahara vifuate nyuma ya hayo mawili.

Hatua ya kwanza: Kusubiri miaka 18 bila kukaa bure

Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji, katika ibara ya 19, zinakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18. Zipo hali chache zinazoruhusiwa, kwa mfano wazazi wanapohamia nchi nyingine kwa sababu zisizohusiana na mpira, au mchezaji wa miaka 16 hadi 18 anapohama ndani ya Umoja wa Ulaya. Hali hizo hazimhusu binti anayetoka Mbeya au Kakamega peke yake. Kwa hiyo mtu anayemwambia mzazi kwamba binti wa miaka 15 amepata nafasi katika akademi ya nje, na kwamba anatakiwa kusafiri mwezi ujao, aombwe aeleze kwa maandishi ni kifungu kipi kinachoruhusu safari hiyo na ni klabu gani itakayomsajili. Akishindwa kujibu, mazungumzo yaishie hapo.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu simu za aina hiyo huongezeka timu za vijana zinapofanya vizuri. Mwaka 2022 Serengeti Girls ya Tanzania walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 nchini India, na mwaka 2024 Junior Starlets wakawa timu ya kwanza ya Kenya kucheza Kombe la Dunia la FIFA, katika Jamhuri ya Dominika. Baada ya mashindano kama hayo familia hupokea ahadi nyingi, na baadhi yake zinatoka kwa watu wasiokuwa na klabu yoyote nyuma yao.

Muda wa kusubiri una kazi zake. Mchezaji amalize kidato cha nne na, akiweza, aendelee, kwa kuwa vyuo vikuu vya Marekani hutoa ufadhili wa masomo kwa wachezaji wa soka la wanawake na huangalia matokeo ya shule kabla ya kuangalia mabao. Anayeifikiria njia hiyo asisaini mkataba wa kulipwa kabla ya kuuliza chuo husika, kwa sababu mashindano ya vyuo yana masharti kuhusu wachezaji waliowahi kulipwa. Kiingereza cha kujieleza mbele ya daktari na kocha kianze kujifunzwa sasa, siyo uwanja wa ndege.

Hatua ya pili: Nyaraka zote ziseme jambo moja

Hapa ndipo safari nyingi zinapokwama, na ni jambo ambalo linaweza kutatuliwa kwa gharama ndogo likishughulikiwa mapema. Chukua cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa (NIDA), pasipoti, cheti cha kidato cha nne na leseni ya mchezaji iliyotolewa na TFF, shirikisho la soka la Tanzania, kisha viweke mezani sambamba. Kwa mfano, katika cheti cha kuzaliwa jina limeandikwa Mwanahamisi. Katika cheti cha shule limeandikwa Mwanahamis. Katika leseni yametumika majina mawili, wakati pasipoti ina matatu, na jina la babu limeandikwa kwa herufi moja tofauti. Nyumbani kila mtu anajua kwamba huyo ni mtu mmoja. Ofisa wa ubalozi, au mtumishi wa klabu anayeingiza taarifa katika mfumo wa uhamisho wa FIFA uitwao TMS, hajui, na dirisha la usajili halimsubiri mtu aende kuapa mahakamani. Sahihisho lifanyike kwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi, au kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kwa aliyezaliwa Zanzibar, halafu nyaraka nyingine zifuate cheti kilichosahihishwa.

Umri ni jambo zito zaidi. Mchezaji aliyepunguziwa umri ili acheze timu ya vijana anabeba tarehe mbili za kuzaliwa, na siku moja zitakutana mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kumfungia. Mzazi asikubali jambo hilo hata kama anayelipendekeza ni kocha anayeheshimika mtaani.

Andikeni pia historia ya timu zote alizochezea tangu akiwa na miaka 12, pamoja na misimu. Katika soka la wanawake fidia ya mafunzo, yaani malipo ya klabu mpya kwa klabu zilizomfundisha mchezaji, haitumiki, lakini mchango wa mshikamano upo: mchezaji anayehama kimataifa kwa ada kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya ada hiyo hugawanywa kwa klabu zilizomlea. Mwaka 2024 Wazambia Racheal Kundananji na Barbra Banda walihamia Marekani kwa ada iliyozidi dola 700,000 kwa kila mmoja. Asilimia 5 ya dola 700,000 ni dola 35,000, fedha ambazo kwa klabu ya wasichana ya wilayani ni mipira, viatu na nauli za misimu kadhaa. Klabu hupata sehemu yake pale tu mchezaji alipokuwa amesajiliwa rasmi katika chama cha soka cha nchi, jambo ambalo viongozi wengi wa timu ndogo hawalifuatilii.

Hatua ya tatu: Kuonekana

Klabu ya nje humjua mchezaji kwanza kwa picha za video. Video nzuri ina dakika nne hadi sita, inaanza na matukio bora zaidi, na mchezaji anaonyeshwa kwa duara au mshale kabla tukio halijaanza ili mtazamaji asimtafute. Muziki hauhitajiki. Beki aonyeshe jinsi anavyojipanga, anavyowania mipira ya juu na anavyotoa pasi akiwa amebanwa. Kiungo aonyeshe anavyogeuka na mpira na anavyokimbia kurudi baada ya kuupoteza. Mabao matano dhidi ya timu dhaifu yana uzito mdogo kuliko mchezo mmoja mzuri dhidi ya timu ngumu. Pamoja na video hiyo ziwepo mechi mbili au tatu kamili, kwa sababu mtafuta vipaji makini ataziomba: anataka kuona mchezaji anafanya nini dakika ambazo hana mpira.

Mashindano ya kimataifa ndiyo jukwaa kubwa zaidi. Simba Queens walipomaliza nafasi ya nne katika Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya Afrika nchini Morocco mwaka 2022, wachezaji wao walitazamwa na watu ambao wasingefika kamwe kwenye viwanja vya Dar es Salaam. Mchezaji anayechagua klabu ya ndani ajiulize basi ni ipi yenye nafasi halisi ya kufika mashindano ya kanda (CECAFA) na ya Afrika (CAF), na kama humo atacheza au atakaa benchi.

Hatua ya nne: Wakala na mwaliko wa majaribio

Wakala wa soka anatakiwa kuwa na leseni ya FIFA, ambayo hupatikana kwa kufaulu mtihani. Majina ya wenye leseni yamewekwa wazi katika tovuti ya FIFA, na kuyatafuta huchukua dakika chache. Mkataba wa uwakilishi kati ya wakala na mchezaji hauruhusiwi kuzidi miaka miwili, na ni lazima useme asilimia atakayochukua, ataichukua katika malipo gani, na nani anamlipa. Mchezaji ana haki ya kumpelekea wakili wake mwenyewe mkataba huo kabla ya kusaini, na wakala anayekasirika akisikia neno wakili amejieleza vya kutosha.

Mzazi asilipe pesa ili binti apelekwe majaribio. Wakala hulipwa kutokana na kazi iliyokamilika. Anayedai kwanza shilingi milioni mbili za viza na usajili anaishi kwa pesa hizo, na safari inaweza isiwepo kabisa. Na kocha, wakala au kiongozi anayedai ngono ili amwite binti timuni au amtafutie klabu anafanya kosa la jinai linaloitwa rushwa ya ngono, ambalo kwa Tanzania linapelekwa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Wazazi waliseme jambo hili kwa binti zao waziwazi, kabla halijatokea, ili binti ajue kwamba akilileta nyumbani hatalaumiwa yeye.

Mwaliko wa majaribio uje kwa barua ya klabu yenye jina na saini ya mhusika, kutoka anwani ya barua pepe ya klabu yenyewe. Mchezaji au wakala wake atafute namba ya klabu katika tovuti yake rasmi na apige kuuliza. Asitumie namba iliyoandikwa kwenye barua. Barua ieleze tarehe za kuanza na kumaliza, mahali pa kulala, nani analipa tiketi ya kwenda na kurudi, na nani atagharamia matibabu akiumia. Viza iendane na safari. Viza ya utalii haimpi mtu ruhusa ya kufanya kazi, na anayeshauri mchezaji aingie kwa utalii na mambo mengine yatengenezwe hukohuko anamweka katika hatari ya kufukuzwa nchini na kunyimwa viza baadaye. Pasipoti ikae kwa mwenyewe. Klabu inaweza kuchukua nakala yake. Ikishikilia pasipoti yenyewe, huo ni mwanzo wa utumwa, na ubalozi upigiwe simu siku hiyohiyo.

Hatua ya tano: Kuchagua ligi

Kundananji hakuanzia Marekani. Aliondoka Zambia kwenda BIIK-Kazygurt ya Kazakhstan, akahamia Eibar ya Hispania, kisha Madrid CFF, na ndipo Bay FC ya California ikamnunua. Tabitha Chawinga wa Malawi alianza katika madaraja ya chini ya Sweden kabla ya kucheza China, Italia na Ufaransa. Mdogo wake Temwa alipitia Sweden na China, halafu akawa mchezaji bora wa msimu wa 2024 wa ligi ya Marekani akiwa na Kansas City Current. Wote waliingia kwa mlango ambao wangeweza kuupita, wakacheza kila wiki, kisha wakapanda. Kwa maoni yangu msichana wa miaka 19 anayechagua kati ya benchi la klabu kubwa na nafasi ya kudumu katika klabu ya kati achague nafasi ya kudumu, hata kama tofauti ya mshahara inauma.

Kila nchi ina hali zake. Ligi ya Sweden huchezwa kuanzia majira ya kuchipua hadi mwishoni mwa mwaka, na maandalizi hufanyika katika baridi kali, mara nyingi kwenye nyasi bandia, jambo linalotaka viatu tofauti na uangalifu wa magoti. Nchini Mexico timu ya Juárez husafiri kucheza Toluca, mji ulio zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Saudi Arabia ilianzisha ligi yake kuu ya wanawake mwaka 2022, na kwa mchezaji Mwislamu kutoka pwani mazingira ya ibada na chakula hayatamsumbua, ingawa joto litamsumbua. Uingereza inataka kibali cha chama chake cha soka kinachotolewa kwa kuhesabu pointi, zikiwemo za mechi za timu ya taifa na kiwango cha ligi anayotoka mchezaji. Ndiyo maana kuingia huko moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki ni vigumu, na wengi hupitia nchi nyingine ya Ulaya.

Mchezaji anayevaa hijabu afahamu jambo moja mapema. FIFA iliruhusu vazi hilo rasmi mwaka 2014, lakini shirikisho la soka la Ufaransa halikubali livaliwe katika mashindano yake, na mwaka 2023 mahakama ya juu ya utawala ya nchi hiyo iliuunga mkono uamuzi huo. Anayetaka kubaki na hijabu uwanjani asitumie muda wake kutafuta klabu ya Ufaransa.

Hatua ya sita: Kuusoma mkataba

Mkataba usisainiwe siku uliyoupokea. Uombwe katika lugha ambayo mchezaji au wakili wake anaielewa, na kama kuna nakala mbili za lugha tofauti, isomwe sehemu inayosema ni ipi itakayotawala endapo zitapingana. Mchezaji abaki na nakala yake iliyosainiwa na pande zote. Wachezaji wengi hupewa ahadi ya kuletewa baadaye, na isiyoletwa wiki hiyo mara nyingi haiji.

Tuanze na mshahara, kwa mfano wa hesabu tu. Klabu inaandika dola 1,500 kwa mwezi. Swali la kwanza ni miezi mingapi: mkataba wa msimu unaweza kuwa na miezi kumi ya malipo, hivyo jumla ni dola 15,000, ambazo zikigawanywa kwa miezi kumi na miwili ni dola 1,250. Swali la pili ni kama kiasi hicho ni kabla au baada ya makato. Kodi na michango ya hifadhi ya jamii ikichukua tuseme asilimia 20, zinabaki dola 1,000. Swali la tatu ni nyumba. Kama klabu haitoi makazi na chumba kinagharimu dola 400, mchezaji anabaki na dola 600 za chakula, simu, nauli na za kutuma nyumbani. Klabu nyingine iliyotoa dola 1,100 baada ya makato, kwa miezi kumi na miwili, pamoja na nyumba na milo ya mchana, inamlipa vizuri zaidi ingawa tarakimu yake ilionekana ndogo. Kwa hiyo kiandikwe kiasi halisi kinachoingia benki, tarehe ya kuingia, na aina ya fedha. Hispania iko mbele katika jambo hili: mwaka 2023 wachezaji waligoma mwanzoni mwa msimu, na makubaliano yaliyofikiwa yakaweka kima cha chini cha yuro 21,000 kwa msimu wa 2023/24.

Vipo vifungu vinavyopaswa kumsimamisha msomaji. Kimojawapo husema klabu inaweza kuvunja mkataba wakati wowote endapo kiwango cha mchezaji hakitaridhisha. Nani anapima kiwango hicho, na kwa kipimo gani? Chombo cha FIFA cha kutatua migogoro hakikubali kushuka kwa kiwango kuwa sababu halali ya kumwachisha mchezaji, lakini ni bora kifungu kifutwe kuliko kusubiri kwenda kukishinda. Kingine huipa klabu peke yake hiari ya kuongeza mwaka mmoja au miwili kwa mshahara uleule. Mchezaji aombe hiari hiyo iwe ya pande zote mbili, au iambatane na nyongeza iliyoandikwa. Na kama mkataba unasema utakuwa halali iwapo tu mchezaji atafaulu vipimo vya afya au atapata kibali cha kazi, kifungu hicho kinapingana na ibara ya 18 ya kanuni za FIFA. Vipimo vifanyike kabla ya kusaini. Ibara hiyohiyo inaweka ukomo wa miaka mitano kwa mkataba.

Kuumia kuandikwe kwa kina. Klabu ilipe mshahara kamili kwa muda gani mchezaji akiwa majeruhi? Upasuaji wa goti utafanyika wapi, na bima inalipa kiasi gani? Akipelekwa kwenye timu ya taifa akaumia huko, nani anahusika? Maswali haya yakiulizwa kabla ya saini huonekana ya kawaida. Yakiulizwa hospitalini huonekana madai.

Kuhusu ujauzito, tangu 2021 kanuni za FIFA zinampa mchezaji likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, angalau 8 kati yake zikiwa baada ya kujifungua, kwa malipo ya theluthi mbili ya mshahara, na klabu haiwezi kuvunja mkataba kwa sababu ya mimba. Haki hiyo imekwisha kupimwa. Sara Björk Gunnarsdóttir wa Iceland aliidai Olympique Lyonnais mishahara ambayo haikulipwa alipokuwa mjamzito, na mwaka 2022 FIFA ikaamua alipwe zaidi ya yuro 82,000. Ikiwa klabu hiyo, iliyotwaa makombe mengi ya Ulaya, ilifikia kushtakiwa, mchezaji asione aibu kuitaja haki hii katika klabu ndogo.

Hatua ya saba: Uhamisho wenyewe

Baada ya saini, klabu mpya huingiza taarifa katika TMS na kuomba hati ya uhamisho wa kimataifa, ambayo TFF au chama cha nchi husika huitoa baada ya kuhakikisha kwamba mchezaji hana mkataba unaoendelea nyumbani. Haya yote hufanyika ndani ya dirisha la usajili la nchi anakokwenda. Kama bado ana mkataba, klabu hizo mbili zielewane kwanza. Mchezaji anayeondoka kimya akidhani mkataba wa nyumbani hauna nguvu anaweza kudaiwa fidia na kufungiwa. Asipande ndege ya kuhamia kabla hajaona viza ya kazi kwa macho yake.

Hatua ya nane: Mwili katika msimu wa kwanza

Wanawake huumia kano ya mbele ya goti mara nyingi zaidi kuliko wanaume, na jeraha hilo humweka mchezaji nje kwa miezi tisa hadi mwaka. Mchezaji anayetoka kwenye mazoezi mepesi na kuingia ghafla katika mazoezi ya kila siku, juu ya uwanja wa nyasi bandia, yuko katika hatari kubwa katika miezi ya mwanzo. Programu ya kupasha mwili ya FIFA 11+ huchukua kama dakika 20, haihitaji kifaa zaidi ya mpira, na imethibitika kupunguza majeraha. Ianzwe nyumbani, angalau mara mbili kwa wiki, mwaka mzima kabla ya safari. Aliyeizoea ataonekana: anaporuka na kutua, magoti yake yanabaki juu ya vidole vya miguu bila kuingia ndani.

Mchezaji aandike tarehe za hedhi yake na amweleze daktari wa timu bila haya, hasa kama damu ni nyingi, kwa sababu upungufu wa chuma humfanya achoke na kocha akadhani ni mvivu. Na asimeze dawa yoyote, hata ya mafua au ya maumivu aliyozoea kununua dukani nyumbani, wala dawa ya mitishamba iliyotumwa na shangazi, kabla daktari wa klabu hajaikagua. Prednisolone ya vidonge inakatazwa wakati wa mashindano, na dawa za kupunguza maji mwilini kama furosemide zinakatazwa wakati wote. Katika sheria za kupambana na dawa zilizokatazwa, kinachopatikana mwilini ni mzigo wa mchezaji mwenyewe, hata kama hakujua.

Upweke nao ni jambo la mwili. Chakula hakiliki, usingizi hauji, na mchezo unashuka. Mchezaji atafute mapema Waafrika Mashariki wa mji huo, msikiti au kanisa, na mahali panapouzwa unga wa sembe. Simu ya nyumbani iwe na saa yake maalumu, isiwe ya usiku wa kuamkia mechi.

Hatua ya tisa: Mshahara usipoingia

Kanuni zinasema wazi, katika ibara ya 14bis. Klabu ikidaiwa mishahara ya angalau miezi miwili, mchezaji huiandikia barua na kuipa siku zisizopungua 15; isipolipa, ana sababu halali ya kuvunja mkataba na kudai fidia. Asiondoke kambini kabla ya kuandika barua hiyo. Mfano wake ni huu:

«Mimi, [majina kamili kama yalivyo katika pasipoti], mchezaji wa klabu yenu kwa mkataba wa tarehe [..], nawajulisha kwamba hadi leo sijalipwa mshahara wa mwezi [..] na mwezi [..], jumla [kiasi na aina ya fedha]. Naomba kiasi hicho kilipwe katika akaunti yangu [namba] ndani ya siku 15 tangu mlipopokea barua hii. Msipolipa, nitatumia haki zangu chini ya kanuni za FIFA.»

Itumwe kwa barua pepe rasmi ya klabu, nakala kwa wakili, na ihifadhiwe pamoja na taarifa za benki zinazoonyesha kwamba fedha hazikuingia. Mchezaji aendelee kufika mazoezini katika siku hizo 15, na aandike tarehe na saa. Shauri likifika FIFA, mchezaji halipii gharama za kulifungua. Analotakiwa ni kulipeleka ndani ya miaka miwili. Vyama vya wachezaji vilivyo chini ya FIFPRO, shirikisho lao la kimataifa, kikiwemo KEFWA cha Kenya, husaidia katika kazi hii, na mchezaji aulize chama cha nchi anakocheza na ajiunge nacho mara tu anapofika.

Hatua ya kumi: Fedha

Maisha ya uwanjani yana ukomo, na goti moja linaweza kuufupisha. Kabla mshahara wa kwanza haujaingia, mchezaji akubaliane na wazazi kuhusu kiasi cha kutuma kila mwezi, kiwe kimoja na kijulikane kwa wote, ili kila ombi la ada, msiba au paa la nyumba lisimfikie kwa njia yake. Sehemu nyingine iende kwenye akiba isiyogusika kirahisi. Mtanzania anaweza kuchangia mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF kwa hiari au kununua vipande katika mifuko ya uwekezaji ya UTT AMIS akiwa nje. Kiwanja kinunuliwe kwa jina la mchezaji mwenyewe, na hati ikae mahali anapopajua. Nimesikia wengi wakijenga kwa miaka mitatu nyumba ambayo hawakuwahi kuwa wamiliki wake.

Hatua ya mwisho: Miezi sita kabla ya mkataba kwisha

Mkataba unapobakiza miezi sita au pungufu, mchezaji yuko huru kusaini na klabu nyingine kwa ajili ya msimu unaofuata. Klabu inayomtaka inatakiwa kuijulisha klabu yake ya sasa kwa maandishi kabla ya kuanza mazungumzo. Kipindi hicho aingie na takwimu zake mkononi: mechi alizoanza, dakika, mabao au mechi ambazo lango halikufungwa, na siku alizokosa kwa majeraha. Awe pia na video mpya ya ligi anayochezea, kwa kuwa ile ya nyumbani imekwisha kazi yake. Aombe mkutano na klabu yake mapema na aulize kama wanamhitaji, kwa mshahara gani na katika nafasi gani uwanjani. Jibu likichelewa zaidi ya mwezi mmoja, wakala aanze kuandikia klabu nyingine, na mkataba wa uwakilishi wenyewe uangaliwe tena, kwani huenda miaka yake miwili inakaribia kumalizika wakati uleule.